Maua ya Mawe Hayana Sauti

Mwaka ule, msimu wa masala ulipokaribia, Chandrabhaga Gharat alianza kuomba mvua inyeshe. Aliomba kimoyomoyo, asubuhi, akiwa amesimama mbele ya miungu ya nyumbani na taa mkononi, na kila alipomaliza aliona haya. Hakuna mwanamke wa Koparpada aombaye mvua mwezi wa Chaitra. Huo ni mwezi wa jua. Pilipili huanikwa juu ya mapaa na kando ya barabara mpaka kijiji kizima, kuanzia hekaluni hadi mashamba ya chumvi, kinakuwa chekundu. Kila nyumba inaharakisha kukaanga masala yake, kuyapeleka kinuni na kuyafungia mitungini kabla mawingu hayajaanza kukusanyika. Nyumba isiyowahi itakula mwaka mzima kwa kuomba vijiko viwili viwili kwa jirani, na jirani atatoa, na atasema.

Chandrabhaga aliomba mvua kwa sababu pua yake ilikuwa imekufa, na hakuna mtu aliyejua.

Ilikufa masika yaliyopita. Homa iliingia kijijini na unyevu, ikamlaza, ikamwacha. Alipoamka na kupata nguvu za kuketi, aliletewa chai ya tangawizi, akaona ni maji ya moto yenye sukari. Alidhani ni mafua. Mafua yakaisha, chai ikabaki maji. Dengu zikawa uji wa chumvi, na samaki mkavu akawa kama kipande cha ukili unaotafunwa. Siku moja nyumba ilipokuwa tupu alifungua sanduku la bati alimoweka shati la marehemu mumewe, lile ambalo hakulifua tangu siku aliyofariki. Alilifunika usoni akavuta pumzi kwa nguvu, mara ya kwanza, ya pili. Pamba tu. Alikunja shati, akafunga sanduku, akaketi juu yake kwa muda mrefu kama mtu anayesubiri basi.

Mtu mwingine angeweza kupoteza pua na asipoteze kingine. Chandrabhaga hakuwa na kingine. Alikuja Koparpada akiwa msichana mwembamba, asiye na mahari ya kutajwa wala uzuri wa kusimuliwa. Mavyaa wake, mwanamke mkali aliyekuwa mkaangaji wa mtaa mzima, alimweka kando ya karai kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kumpa. Msimu wa pili mavyaa aligundua kwamba mkazamwana wake akigeuza uso tu hujua jira lililo motoni limebakiza pumzi ngapi kuiva. Akampa mwiko. Tangu hapo watu hawakumwita Chandrabhaga wala mama Damodar. Walimwita Pua. "Mpelekee Pua," walisema mafuta yakishukiwa kuchacha. "Muulize Pua," walisema kamba wakavu wakiletwa na mchuuzi mwenye maneno mengi. Hata watoto wachanga waliletwa. Alinusa utosi akasema mtoto ana homa inayokuja kesho, na kesho homa ikaja.

Na masala ya mtaa yote yalipita kwake. Kila mwanamke anajua kukaanga viungo vya mchuzi wa leo, na akikosea atakula kosa lake mchana na usiku litakuwa limekwisha. Masala ya mwaka ni jambo jingine. Kiungo kikitolewa motoni mapema kinabaki na maji ndani yake, na maji hayo yataotesha ukungu mtungini katikati ya masika. Kikichelewa kinatoa uchungu, na uchungu huo utakaa mezani mwaka mzima kama mgeni asiyeaga.

Baada ya masika aliwahi kwenda kwa daktari wa mjini, peke yake, akiaga kwamba anakwenda kupima macho. Daktari alimmulika puani kwa kurunzi ndogo, akasema mshipa umechoka, huenda ukaamka, huenda usiamke, akampa matone. Matone yaliisha.

Hapo ndipo alipolikumbuka jicho la husuda. Alijiuliza mbona hakuwaza tangu mwanzo: mtu anayesifiwa pua miaka yote, atakosaje kupigwa jicho puani? Na jicho lina dawa. Akamwendea wifi yake Anusaya, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa nyumba ya pili, akamwambia kichwa kinamgonga tangu juzi, amzungushie pilipili.

"Nani wa kukupiga jicho wewe, na uzee huo?" Anusaya alicheka, lakini mikono yake ilikwisha anza kuchota chumvi na haradali.

Alimketisha kizingitini, akamzungushia kichwani chumvi, haradali na pilipili kavu, akinong'ona majina ya wenye macho mabaya wa mtaa huo na ya mtaa wa pili, kisha akavitupa vyote juu ya makaa. Kila mtu anajua hukumu yake. Kama mtu ana jicho, pilipili huungua kimya. Moshi wake hauwashi, maana jicho limekunywa ukali wote. Chandrabhaga alikaa amefumba macho akimwomba mungu wao wa kike isiwashe. Isiwashe, Mama Ekvira, isiwashe hata kidogo.

Moshi ukapanda. Ukamkamata kooni kama mkono. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na Anusaya akakohoa, na kuku wakakimbia ua.

"Ashukuriwe Mungu!" Anusaya alisema akipangusa macho. "Wifi yangu, huna jicho wala kope ya jicho. Nenda ukalale."

Chandrabhaga alilia kweli, na moshi ukachukua lawama. Pilipili ingali ikimwasha. Kuwasha ni jambo la nyama, si la pua. Lakini hakukuwa na jicho la kutoa. Kilichokuwa kimetoka kilikuwa kimetoka chenyewe.

*

Ilibaki kusikiliza. Jikoni kwake, milango ikiwa imefungwa, alijifunza upya kama mtoto. Giligilani mbichi ikikorogwa kwenye karai hutoa sauti nzito ya mchanga uliolowa. Ikiiva sauti inapanda, inakuwa ya majani makavu yanayoburutwa. Ufuta huruka. Haradali hupasuka. Karafuu huvimba tumbo. Uwatu hugeuka rangi ya tofali, na rangi hiyo ukiichelewa kidogo tu umeukosa. Alikaanga konzi moja moja, akaonja kila moja, kwa sababu ulimi ulikuwa umebakishiwa vitu vichache na uchungu ulikuwa mmojawapo. Kila konzi aliyoiunguza aliizika nyuma ya nyumba, chini ya majivu.

Mkazamwana wake, Sulochana, aliyaona majivu yakifukuliwa na kufukiwa. Hakuuliza.

Wale wawili walikuwa hawaulizani. Sulochana alikuwa mke wa Damodar, dereva wa lori la maji, ambaye alikuwa njiani zaidi ya alivyokuwa nyumbani. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa uso, mwenye mikono ya kazi, na kosa lake lilikuwa moja, la mwaka wake wa kwanza. Karaini kuna sheria: sauti ni ya mkaangaji peke yake, na neno la kuungua halitajwi kabisa, maana ukilitaja umeliita. Sulochana alitoka kijiji cha mlimani wasikojua sheria hiyo. Akiwa bado na hina mikononi, wanawake wote wamekaa, alinyanyua kichwa akapaza sauti: "Mama, inaungua!"

"Mdomo wako ndio uliounguza," Chandrabhaga alimjibu mbele ya wote. "Nenda kakae kwenye vikonyo."

Akaenda kukaa kwenye mkeka wa pilipili, pamoja na vikongwe na wasichana, kung'oa vikonyo. Hakuitwa tena karaini tangu siku ile. Chandrabhaga alijua, na hakuwahi kumwambia mtu, kwamba siku ile jira lilikuwa linaungua kweli. Alikuwa amegeuka kumcheka mtu, na mtoto wa watu aliwahi kunusa kabla yake.

Wiki iliyofuata Chaitra kuandama, Anusaya alikuja na binti yake Vanita nyuma yake.

"Ya Vanita kwanza," alisema, hata kabla ya kukaa. "Harusi ni baada ya sikukuu ya Akshaya. Nimepata kila kitu, mpaka maua ya mawe, yale meusi mazuri. Mtungi wake nataka uutoe wewe kwa mkono wako. Unajua wale ni watu gani."

Chandrabhaga alijua. Walikuwa watu wa upande wa pili wa mfereji, wenye ndimi nyingi. Bibi harusi wa huku huingia kwa wakwe na mtungi wa masala ya kwao, na siku yake ya kwanza jikoni mtungi hufunguliwa, mchuzi hupikwa, ukoo mzima huonja. Wanachoonja siku ile ndicho watakachomwita. Kuna mwanamke mtaa wa hekalu ambaye mtungi wake ulitoka na uchungu, sasa ana wajukuu, na bado akipita kisimani wanasema, "Huyo, Mchungu anakuja."

"Mkazamjomba," Vanita alisema, akichezea bangili zake, "mimi sina wasiwasi na chochote. Sijui kuimba, sijui kushona, na mavyaa wangu ameshasema mimi mweusi. Lakini nina mtungi wako."

Ulikuwa mlango wa kusema. Chandrabhaga aliuona umefunguliwa, akauona unafungwa.

"Leta viungo," alisema.

*

Mvua haikunyesha. Siku ya kukaanga ilikuwa ya jua jeupe na upepo kidogo kutoka kwenye mashamba ya chumvi. Karai kubwa liliwekwa juu ya mafiga uani kwa Anusaya, kuni za mgunga zikakolea, na wanawake wakakaa upande unakotoka upepo, ncha za sari zimefunika pua, mlima wa pilipili katikati yao. Sulochana alikuwa kwenye mkeka wake wa kila mwaka.

Chandrabhaga alianza na giligilani. Alishika mwiko, akainamisha sikio kidogo, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Mchanga uliolowa. Mchanga. Mchanga. Kisha majani. Akatoa. Jira, akatoa. Pilipili manga, karafuu, mdalasini. Ufuta uliruka ukamgonga mkono na yeye akaushukuru kwa kumgonga. Kila alichokitoa alikimwaga kwenye shuka jeupe na kuonja punje moja kwa siri, na kila kimoja kilikuwa sawa. Jasho lilimtiririka mgongoni, na ndani yake kitu kidogo kilianza kuthubutu.

"Vanita," aliita Yamuna, jirani mwenye mdomo kuliko mtaa mzima, "sikiliza ushauri wa mtu mzima. Siku ya kwanza usimpe mavyaa wako mchuzi mwingi. Atakula mpaka vidole vyako."

"Na asipoupenda?"

"Asipoupenda ana ulimi wa nyati. Mpe majani."

Wakacheka. Anusaya akasema, "Wewe Yamuna, ulimi wako ndio ungekaangwa, ungetutosha mwaka."

"Ungekuwa mkali mno, dada. Mngelala na mitungi ya maji."

Yalibaki maua ya mawe.

Aliyaweka mwisho tangu asubuhi, akiyazunguka kwa macho. Si maua. Ni ile mimea myembamba inayoganda kwenye miamba ya mlimani, myeusi, mikavu, iliyojikunja kama karatasi iliyokwisha kuungua. Na hapo ndipo ilipokuwa taabu. Kila kiungo kina namna yake ya kujisemea, haya hayana. Hayaruki, hayalii, hayapasuki, hayabadiliki rangi maana yameshakuwa meusi kabla ya moto. Kule jikoni alikuwa ameyajaribu kwa vipande vichache vilivyosalia mtungini, na kila mara alikosea. Mabichi hunuka ukuta wenye unyevu, na masala yote huchukua ule ukuta. Yakipita, hutoa uchungu usio na dawa. Katikati kuna pumzi mbili tatu ambapo harufu yake inafunguka, na harufu hiyo ndiyo inayofanya mchuzi wa Koparpada uwe wa Koparpada. Alijaribu kuikumbuka harufu yenyewe. Alikumbuka kwamba ilikuwa nzuri. Zaidi ya hapo palikuwa na shimo.

Akanyanyua kichwa. "We, Sulochana. Njoo unishikie kitambaa, karai linaniteleza."

Mkekani watu walitazamana. Sulochana aliinuka taratibu, akipangusa mikono, akaja kusimama kwenye moshi.

"Shika hapa. Usitikise."

"Ndiyo, Mama."

Chandrabhaga akamwaga maua ya mawe karaini. Akaanza kukoroga. Hakutazama karai, alitazama uso wa mke wa mwanawe. Ule uso ndio ungekuwa pua yake. Kope zikitikisika, tundu za pua zikitanuka, mdomo ukikunjamana, atatoa. Hakuhitaji neno, alihitaji mkunjo mmoja tu.

Uso wa Sulochana ulikuwa mlango uliokomewa. Macho yameangalia chini, mdomo umebanwa. Chandrabhaga akakoroga. Moshi mwembamba ulipita kati yao kuelekea mfereji, mbali na wanawake. Sulochana akameza mate. Ni joto, Chandrabhaga aliwaza. Kidole cha mguu wake mmoja kikajikunja mchangani. Ni joto. Onyesha basi, mwanangu, onyesha. Sulochana alimwinulia macho mara moja, haraka, macho ya mtu anayengoja kupigwa, akayashusha.

Hofu ndiyo iliyomfanya Chandrabhaga ayatoe hatimaye, si hekima. Akayazoa, akayamwaga shukani juu ya vingine, na kabla hajafikiri mikono yake ilifanya ilichofanya miaka yote: ikaingia kwenye lundo lenye moto na kuchanganya, chini juu, chini juu, viungo visalimiane vikiwa bado vya moto. Ndipo akakumbuka kuonja. Kipande kimoja cheusi, ncha ya ulimi.

Kilikuwa kichungu kama kwinini.

Akaonja kingine. Akaonja punje ya giligilani iliyoguswa na vumbi lake. Nayo.

Yamuna alikwisha simama, gunia mkononi, tayari kwa kinu. Akauliza swali linaloulizwa kila mwaka, lile ambalo hata watoto hulicheza: "Haya, Pua imesema nini?"

Na jibu ni moja, *Imesema ndiyo*, na baada yake wanawake hupiga makofi na chai huletwa. Vanita alikuwa ameshika mtungi wake, ameufuta mpaka unang'aa, kifuniko kwapani. Chandrabhaga alimtazama. Akamwona akipita kisimani na wajukuu.

"Imeungua," alisema.

Kwanza hawakuelewa. Kisha Yamuna akaangusha gunia. "Wee! Usilitaje hilo neno, mama wee!"

"Maua ya mawe yameungua. Na mimi sinusi. Sijanusa kitu tangu masika."

"Unatania," Anusaya alisema.

"Sitanii, wifi."

Anusaya aliingia ndani, akarudi na kitu kwenye kiganja kilichofumbwa. Uso wake haukuwa na hasira bado; ulikuwa wa mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga. "Fumba macho."

Chandrabhaga akafumba. Alisikia bangili za Anusaya karibu na mdomo wake, akahisi ubaridi wa kidole kwenye mdomo wa juu. Akavuta pumzi. Alisikia nyuma yake msichana mmoja akisema "Aah!" na kujiziba. Akavuta tena, kwa kifua chote.

"Nini hiyo?" Anusaya aliuliza.

"Sijui."

"Jaribu."

"Sijui, wifi."

Alipofumbua macho aliona bonge la mvuje, kubwa kama ndimu, lile linalowafanya watoto wakimbie jikoni. Hakuna aliyecheka. Hata Yamuna.

*

Walikaa kulizunguka shuka, wakaanza kuchambua vipande vyeusi kimoja kimoja. Vilikuwa vimevunjika vunjika. Kila waliposhika kimoja kiligeuka vumbi na vumbi likabaki. Chandrabhaga na Sulochana walijikuta bega kwa bega.

"Ulinusa?" Chandrabhaga aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilinusa."

"Mapema?"

"Mapema, Mama. Nilinusa yalipokuwa mazuri. Na yalipopita nilinusa."

"Mbona hukusema?"

Mikono ya Sulochana iliendelea kuchambua. "Ulinikataza."

"Hata usoni hukuonyesha."

"Nilidhani unanijaribu. Nilidhani umeniita mbele ya watu ili nikosee tena." Akatupa kipande kimoja pembeni. "Hata yale maziwa yaliyochacha uliyokuwa ukinitilia kwenye chai, nilidhani ni makusudi. Nilikuwa nayamwaga kwenye mgomba."

Maziwa hayo Chandrabhaga mwenyewe alikuwa akiyanywa.

Jua lilipogeuka, Anusaya alichota punje chache, akazitafuna, akatema pembeni. Akasimama akakunja pembe za shuka.

"Haya tutakula sisi humu ndani," alisema. "Uchungu wa nyumbani unavumilika. Ya Vanita yatakaangwa upya."

Hakuna aliyeuliza na nani. Anusaya alikuwa akimtazama Sulochana, na wanawake wote walikuwa wakimtazama Sulochana, na Sulochana alikuwa akitazama vidole vyake vilivyokuwa vyeusi. Vanita ndiye peke yake aliyemtazama mkazamjomba wake, na Chandrabhaga angependa asingemtazama.

"Si kwa ubaya, wifi," Anusaya alisema mlangoni, akimshika mkono. "Unaelewa. Ni mtoto."

"Naelewa."

Jioni wakarudi nyumbani. Sulochana aliandaa mikate ya mchele, wakala. Asubuhi Yamuna alipita na chupa ya mafuta, akamsalimia Chandrabhaga kizingitini kwa heshima zote, akaulizia mgongo wake, akaulizia safari ya Damodar, kisha akampita akaingia jikoni. "Sulochana, mwanangu, hebu ninusie haya." Chandrabhaga akabaki amekaa alipo. Hata jina walikuwa wameanza kulihamisha. Alimsikia msichana wa jirani akilitamka kwa majaribio, Pua Mdogo, na kuzibwa mdomo.

Siku ya kukaanga upya Chandrabhaga angeweza kubaki kitandani, na kila mtu angetikisa kichwa kwa huruma. Alikwenda. Alikaa kwenye mkeka wa pilipili, kati ya kikongwe asiyesikia na wasichana wawili wasiojua pa kuweka macho, akaanza kung'oa vikonyo.

Sulochana alisimama karaini kwa wasiwasi, sari ameifunga vibaya. Alimwaga giligilani. Chandrabhaga aliinamia kazi yake, lakini sikio lilikwenda lenyewe. Mchanga uliolowa. Mchanga. Mchanga. Kisha sauti ikapanda. Ikawa majani makavu yanayoburutwa. Sasa. Mwiko uliendelea. Sasa, toa sasa. Mwiko uliendelea bado. Kikonyo kilivunjika mkononi mwake. Sheria ilikuwa ni yake mwenyewe. Aliyeisimamia miaka yote ni yeye, na hapo alipokaa ndipo walipokaa wasio na sauti. Aliuona mtungi wa Vanita umewekwa juani ukisubiri.

"Toa!" alipiga kelele. "Sulochana, toa, inaungua!"

Mikono mkekani ikasimama. Kikongwe pekee aliendelea kung'oa. Sulochana hakugeuka. Aliinama juu ya karai, akageuza uso kidogo pembeni, vile vile hasa kama Chandrabhaga alivyokuwa akigeuza, akavuta pumzi.

"Bado kidogo, Mama," alisema kwa upole.

Akakoroga mara chache tena. Kisha akatoa.

Walipokuwa wakimwaga jira, Chandrabhaga aliinuka, akaenda hadi kwenye shuka, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kumzuia aliokota punje moja ya giligilani. Ilikuwa ya rangi nzuri. Aliiweka ulimini, akaitafuna polepole, akaisubiri. Haikuwa chungu. Kama ilikuwa na jambo jingine la kusema, zuri au baya, kama imefunguka au imepita kwa pumzi moja, hilo lilisemwa kwa wengine.

"Mkazamjomba?" Vanita alinong'ona pembeni yake. "Iko sawa?"

"Muulize Sulochana," alisema, akarudi mkekani, akasogeza lundo la pilipili karibu na magoti yake.